HIMAYA YA TAI NA MATEMBEZI YA MWEWE
Jinsi ndege mbuai wanavyogawana ardhi wakati wa kuzaa



Mwaka jana, baada ya kipindi cha asubuhi, mwanafunzi mmoja alituuliza swali: "Ustadhi, huyu mwewe kwa nini asiende kwingine? Kila siku anakuja uani kwetu tu." Mama yake alikuwa na kuku mwenye vifaranga tisa, na kwa muda wa juma moja walikuwa wamebaki wanne. Wenzake walicheka, lakini swali lile lilikuwa swali la elimu. Siku ile hatukuwa na jibu.

Tena hatuna budi kukiri jambo. Siku chache baadaye wavulana wakubwa walipanda mkuyu ulio nyuma ya madrasa wakaangusha kiota cha mwewe. Sisi tulikuwa barazani, tuliwaona, na tukanyamaza, kwa sababu na sisi tulikuwa tumeibiwa vifaranga. Kinda mmoja alikufa pale chini ya mti. Tulidhani wizi umekwisha. Haukwisha. Haikupita wiki mbili mwewe wakawa wanazunguka juu ya uwanja wetu kama kawaida.

Makala hii ni jibu la swali lile, ingawa limechelewa mwaka mzima. Tumeona ni vyema tulieleze kwa urefu kidogo, kwani ndani yake kuna mambo yanayotuhusu sote tunaoishi Handeni na Korogwe.

NDEGE MBUAI NI WEPI?

Ndege mbuai ni wale wanaoishi kwa kukamata wanyama wengine au kula mizoga, kwa msaada wa makucha makali na mdomo uliopinda. Kwetu tunao wengi. Yupo mwewe, ambaye kila mtoto anamjua. Wapo kozi na kipanga, wanaopita kwa kasi kati ya miti wakifukuza ndege wadogo. Kando ya mto Pangani yupo furukombe, yule tai mwenye kichwa na kifua cheupe anayekula samaki. Juu katika misitu ya milima ya Usambara, ile inayoonekana ukisimama Korogwe, yupo tai mkubwa mwenye kishungi kichwani, anayeweza kumkamata kima mzima. Katika nyika yupo tai mwingine mkubwa sana, mwenye kifua cheusi na tumbo jeupe lenye madoadoa, anayewinda kanga, sungura na paa wadogo. Usiku kazi hiyo hushikwa na bundi. Mwisho wapo tumbusi, wala mizoga.

Ndege hawa wote, unapofika wakati wa kuzaa, hukabiliwa na jambo moja. Kiota hakihami. Mayai yakishatagwa, baba na mama wamefungwa mahali pamoja kwa wiki nyingi au miezi, na chakula chote lazima kitoke katika masafa ambayo wanaweza kwenda na kurudi. Kwa hiyo swali la ardhi kwao ni swali la uhai wa watoto.

MAMBO MAWILI YASIYOFANANA

Watu wengi wakimwona tai anapita juu husema, "Hapa ni kwake." Wataalamu hawasemi hivyo haraka. Wao hutenganisha mambo mawili.

La kwanza ni himaya. Himaya ni eneo ambalo ndege analilinda ili wengine wa aina yake wasiingie. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako hima lilikuwa jina la malisho yaliyowekewa ulinzi, wanyama wa watu wengine wasilishe humo. Kwa hiyo maana ya ulinzi imo ndani ya neno lenyewe.

La pili ni eneo la matembezi. Hili ni eneo lote ambalo ndege hulitumia katika shughuli zake za kawaida: kuwinda, kunywa maji, kuoga, kupumzika na kulea watoto. Halazimiki kulilinda lote. Sehemu nyingine za eneo hilo anaweza kuzitumia pamoja na jirani zake bila ugomvi.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Wewe una ua wako. Mtu akiingia usiku bila hodi utatoka na fimbo. Hiyo ni himaya. Lakini kila siku unakwenda kisimani, sokoni, msikitini na shambani. Huko kote ni matembezi yako, wala humfukuzi mtu sokoni eti kwa sababu na wewe hununua nyanya pale. Ua ni mdogo na matembezi ni mapana.

Tofauti hii haikuonekana mara moja. Mwaka 1920 Mwingereza Eliot Howard alitoa kitabu kuhusu himaya katika maisha ya ndege, na tangu hapo wataalamu wengi wakaanza kuichunguza. Mwaka 1943 Mmarekani William Henry Burt, aliyekuwa akichunguza wanyama wanyonyeshao, akaeleza wazi kwamba himaya ni ile sehemu inayolindwa tu, na kwamba isichanganywe na eneo zima la matembezi. Mpaka leo maelezo hayo ndiyo yanayotumika.

HIMAYA HULINDWAJE?

Wahenga wamesema, fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini msidhani kwamba fahali hao hupigana kila siku. Kupigana ni hatari. Tai aliyevunjika ubawa hawezi kuwinda, na asiyewinda watoto wake wanakufa njaa. Kwa hiyo ndege hawa hutumia njia nyepesi kwanza, na nzito baadaye.

Njia ya kwanza ni sauti. Furukombe ni mfano mzuri. Sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi, vocifer, inabeba maana ya mpaza sauti. Dume na jike huitikiana, vichwa wakivitupa nyuma, na mlio wao husikika mbali juu ya maji. Maana yake ni: hapa pana wenyewe, na wenyewe ni wawili.

Njia ya pili ni kujionyesha. Kichwa cheupe cha furukombe juu ya mti mkavu huonekana kutoka mbali. Tai wa msituni, kwa kuwa majani humficha, hupanda angani juu ya msitu akaruka kwa kupanda na kushuka kama wimbi, huku akiita.

Njia ya tatu ni kusindikiza. Mgeni akiingia, mwenyeji huruka na kumfuata mpaka mpakani, kisha hurudi.

Njia ya nne, ambayo hutokea mara chache, ni kupigana. Furukombe wameonekana wakishikana makucha angani na kuanguka huku wakizunguka, wakaachana karibu na maji.

Jumamosi moja tulikwenda Korogwe na wanafunzi wanane, tukakaa kando ya mto Pangani tangu saa moja asubuhi hadi saa nne. Jozi moja ya furukombe ilikuwa juu ya mkuyu karibu nasi. Kila walipoita, jozi nyingine iliitika kutoka chini ya mto. Mara tatu dume wa kwetu aliruka kufuata mto, na mara zote tatu aligeukia kwenye kona ile ile, ambapo hapakuwa na ukuta wala kigingi. Mmoja wa wanafunzi akasema, "Kumbe mpaka wake ni jirani yake." Hatukuwa na la kuongeza. Mpaka wa himaya mara nyingi ni pale ambapo nguvu za jozi mbili zinalingana. Karibu na kiota mwenyeji ni mkali sana, na kadiri anavyokwenda mbali ukali hupungua, mpaka anafika mahali ambapo jirani ni mkali kuliko yeye.

KWA NINI NYINGINE NDOGO NA NYINGINE KUBWA?

Ukubwa wa eneo hutegemea mambo makuu matatu.

Kwanza, wingi wa chakula. Mahali penye chakula tele eneo dogo linatosha. Katika ziwa Naivasha nchini Kenya, wakati samaki ni wengi, jozi ya furukombe huweza kutosheka na mwambao wa mita mia kadhaa tu. Katika mto wenye samaki wachache jozi huhitaji kilomita kadhaa za mto. Ndege ni wale wale, ila sahani ndiyo tofauti.

Pili, ukubwa wa ndege na wa mawindo yake. Anayekula panzi na mijusi hupata chakula chake karibu. Anayekula kanga na paa lazima atafute mbali, kwa kuwa wanyama hao ni wachache katika kila kilomita.

Tatu, gharama ya ulinzi. Eneo likiwa kubwa mno, muda wote utakwisha katika kufukuza wageni, na kazi ya kulisha watoto italala. Ndege hulinda pale ambapo faida ya kulinda inazidi hasara yake. Ikiwa chakula kinahamahama au kinatokea popote bila kutarajiwa, ulinzi hauna maana.

Tutoe hesabu. Katika milima ya Matobo nchini Zimbabwe, ambako tai weusi wanaokula pimbi walichunguzwa kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, himaya ya jozi moja ilikuwa na wastani wa kilomita za mraba 10 hivi. Idadi hiyo ni ndogo kwa tai mkubwa, na sababu ni kwamba pimbi walikuwa wengi sana miambani. Lakini yule tai mkubwa wa nyika tuliyemtaja, alipofungwa kifaa cha kumfuatilia katika hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini, alionekana kutumia kwa wastani zaidi ya kilomita za mraba 100.

Kilomita za mraba 100 ni nyingi kiasi gani? Chora mraba ambao kila upande una kilomita 10. Sasa fikirini barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni, ambayo ni kilomita 65. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba nchi yote kandokando ya barabara hiyo bado ni nyika nzuri, na kila jozi inachukua kilomita 10 za urefu. Ukigawa 65 kwa 10, unapata jozi sita, na nusu ya nafasi ya jozi ya saba. Basi! Abiria wa basi hupita himaya zote hizo kwa saa moja na zaidi kidogo. Na jozi hizo sita ni ndege kumi na wawili tu.

Hapo ndipo tunapotaka mtie akilini. Mtu akiangusha mti mmoja wenye kiota, au akimpiga tai mmoja akasema, "Wapo wengi, anaonekana kila mahali," huenda anayeonekana kila mahali ni yule yule mmoja. Akifa yeye, kilomita mia nzima zimebaki bila mwenyewe.

MSIMU WA KUZAA HUBADILI MATEMBEZI

Eneo la matembezi halibaki na ukubwa ule ule mwaka mzima. Kwa ndege wengi mbuai, jike ni mkubwa kuliko dume. Wakati wa kuatamia, jike hukaa kiotani sehemu kubwa ya siku, na dume huwinda kwa ajili ya wawili. Matembezi ya jike wakati huo ni mti wa kiota na miti ya jirani. Kinda anapoanguliwa, dume huwinda kwa ajili ya watatu. Kinda anapokuwa mkubwa na kuweza kukaa peke yake, jike naye hurudi katika kuwinda, na eneo hupanuka tena.

Muda wenyewe hutofautiana. Mwewe huatamia kwa muda wa mwezi mmoja na siku kidogo, na makinda hukaa kiotani wiki sita au saba. Furukombe huatamia wiki sita hivi, na makinda huruka baada ya wiki kumi hivi. Lakini yule tai wa msituni wa Usambara ana subira kubwa. Huatamia karibu siku 50, kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata akisharuka bado hulishwa na wazazi wake karibu na kiota kwa miezi tisa hadi kumi na moja. Kwa hiyo jozi iliyofanikiwa kulea huzaa mara moja kila miaka miwili. Hata likitagwa yai la pili, kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayesalia.

Fanyeni hesabu wenyewe: mtoto mmoja kwa miaka miwili, naye huchukua miaka kadhaa kabla ya kukomaa na kuzaa. Kinda mmoja akipotea, miaka miwili ya kazi ya wazazi imekwenda bure.

ARDHI MOJA, WENYEJI WENGI

Mtauliza: ikiwa fahali wawili hawakai zizi moja, mbona tunaona mwewe, kozi na bundi katika kijiji kimoja?

Jibu ni kwamba himaya hulindwa zaidi dhidi ya ndege wa aina moja, kwa sababu ndio wanaotaka chakula kile kile na mwenza yule yule. Mwaka 1948 Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika wilaya ya Embu nchini Kenya, alianza kuchunguza kilima kimoja ambacho aina kadhaa za tai zilikuwa zikizaliana juu yake, akaendelea kukifuatilia kwa miaka mingi. Alikiita Kilima cha Tai. Mmoja alikula pimbi, mwingine kanga, mwingine nyoka, mwingine ndege wadogo. Himaya zao zilipandana kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na kila aina ilikuwa na mkeka wake.

Wapo pia wasiotandika mkeka kabisa. Tumbusi hula mizoga, na mzoga haujulikani utatokea wapi. Katika mbuga ya Serengeti, nchini mwetu, imeonekana kwamba tumbusi wanaozaliana kwenye majabali ya milima ya Gol huweza kuruka zaidi ya kilomita mia moja kufuata makundi ya nyumbu, kisha wakarudi kulisha kinda. Himaya yao ni ile sehemu ndogo ya jabali penye kiota, lakini matembezi yao ni maelfu ya kilomita za mraba. Kwa sababu hiyo wakipewa sumu mahali pamoja, msiba hufika mbali. Mwezi Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo iliyotiwa sumu iliua zaidi ya tumbusi 500. Wengi wa aina hizo za ndege waliruka kutoka mbali kufuata chakula, na bila shaka wako makinda waliosubiri viotani bila kuletewa kitu. Mfugaji anayetia sumu ya wadudu katika mzoga ili kumkomesha fisi mmoja anadhani shughuli imeishia pale zizini kwake. Haiishii pale.

HIMAYA IKIBAKI WAZI

Sasa tunakaribia swali la mwanafunzi wetu. Mwenye himaya akifa, nini hutokea?

Tai wachanga hawapati himaya mara tu wanaporuka. Furukombe huchukua miaka minne au mitano kukomaa, na tai wengine wakubwa huchukua zaidi. Katika miaka hiyo huzurura, hukaa mipakani mwa wengine, hufukuzwa hapa na pale, huku wakisubiri nafasi. Ni kama vijana wanaokaa kijiweni wakisubiri kazi. Mmoja wa jozi akifa, mara nyingi mzururaji huingia haraka, wakati mwingine katika siku chache tu.

Jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja ni rehema, kwa sababu himaya haikai tupu. Upande wa pili ni hatari, kwani linatudanganya. Tai mmoja anauawa, mwingine anaingia. Anauawa naye, anaingia mwingine. Watu wanasema, "Tai wapo, mbona hawapungui?" Kumbe kinachopungua ni akiba ya wale vijana wanaosubiri, ambao hakuna anayewahesabu. Siku akiba ikikwisha, himaya hubaki wazi na haijazwi tena. Kufikia hapo mzee wa kijiji husema, "Zamani palikuwa na tai hapa," na hakuna anayejua ni mwaka gani alipotea.

MWEWE WETU NA VIFARANGA

Tumrudie mwewe. Himaya yake ya kuzalia ni ndogo: mti wa kiota na sehemu ya karibu yake. Nje ya hapo halindi kitu. Jalala, machinjio, barabara yenye wanyama waliogongwa, shamba linalochomwa moto, kote huko mwewe wengi hukusanyika bila kufukuzana sana. Kwa hiyo mji mzima unaweza kuwa eneo la matembezi la mwewe wengi kwa pamoja.

Basi kwa nini alikuja uani kwa yule mama kila siku? Kwa sababu alikuwa na makinda. Mzazi aliyefungwa na kiota hutafuta chakula karibu, na hurudi pale alipopata jana. Kifaranga asiye na kinga ni windo jepesi na safari yake ni fupi. Na kwa nini wizi haukukoma baada ya kiota kuangushwa? Kwa sababu ua ule haukuwa himaya ya mwewe mmoja. Ulikuwa soko la mwewe wote. Tuliondoa mteja mmoja, soko likabaki wazi.

Dawa yake si kupanda mti. Dawa ni kufunga soko. Tunashauri yafuatayo:

1. Vifaranga wafunikwe kwa tenga au wakae bandani katika wiki zao za mwanzo, ambazo ndizo za hatari zaidi.

2. Chakula chao kiwekwe chini ya kichaka, uchaga au paa, pasipo na uwazi wa juu.

3. Utumbo wa kuku na mabaki ya samaki yafukiwe, yasitupwe uani, maana hayo ndiyo yanayomfundisha mwewe njia.

4. Sumu ya panya itumiwe kwa hadhari kubwa, na panya waliokufa wafukiwe. Mwewe na bundi wanaokula panya mwenye sumu nao hudhurika.

5. Miti mikubwa yenye viota, hasa mikuyu, mivule na migunga ya kandokando ya mito, isikatwe kwa mkaa wala mbao. Tai hurudi kwenye kiota kile kile miaka mingi, na mti wa kumbeba hauoti kwa siku moja.

6. Kabla ya kumpiga ndege yeyote wa porini, kumbukeni kwamba sheria ya nchi yetu ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 inawalinda.

Tuongeze neno juu ya bundi. Akilia juu ya paa usiku, wapo wanaosema anatangaza kifo, wakatoka na mawe. Dini yetu imetukataza kuamini mkosi wa ndege. Na elimu nayo inatueleza analotangaza: anatangaza himaya yake. Anawaambia bundi wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Katika himaya hiyo anakula panya wanaokula mahindi yetu ghalani. Mwacheni alie.

ZOEZI LA WANAFUNZI

Wataalamu wa leo hufunga tai kifaa kidogo kinachotuma habari kwa satelaiti. Katika miaka ya 1990 tai mmoja mdogo wa kahawia alifungwa kifaa kama hicho Namibia, akaonekana baada ya msimu wa kuzaa akivuka Afrika ya Kati hadi upande wa Nigeria na Chad, kisha akarudi. Sisi hatuna kifaa hicho, lakini tuna macho, daftari na miguu.

Chagueni ndege mmoja karibu na kwenu. Choreni ramani ya mtaa: barabara, msikiti, kisima, miti mikubwa. Kwa wiki tatu, kila mnapomwona, tieni alama kwenye ramani, mwandike saa na alilokuwa akifanya. Pale alipomfukuza mwenzake wa aina yake, tieni alama nyekundu. Mwisho zungusheni mstari kupitia alama za nje kabisa: hilo ni eneo la matembezi kwa makadirio. Kisha zungusheni mstari mwingine kwenye alama nyekundu: hiyo ni himaya. Angalieni kwamba siku moja aliyokwenda mbali haifanyi kule kuwa kwake, kama vile safari moja ya Tanga haikufanyi uwe mkazi wa Tanga. Wala msikaribie kiota. Hatua mia moja ni karibu ya kutosha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya himaya na eneo la matembezi kwa mfano wa nyumbani kwenu.

2. Kwa nini furukombe wa ziwa lenye samaki wengi huhitaji eneo dogo kuliko wa mtoni?

3. Kwa nini tumbusi halindi eneo la chakula?

4. Mtu akisema, "Tai hawapungui, kwani tunawaona daima," utamjibu nini?

Tumalizie tulipoanzia. Wahenga walisema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sisi tulikaa barazani tukaacha mwewe mwenye watoto alengwe, na hatukupata hata kifaranga kimoja kwa malipo. Yule mkuyu bado upo nyuma ya madrasa. Mwaka huu mwewe wamejenga tena, tawi moja juu ya pale pa zamani. Tenga letu tumelisuka upya, na vifaranga wetu wote kumi na mmoja wamekua. Tunawaomba wanafunzi wetu, mkipita chini ya mti ule, inueni macho tu.

Wabillahi tawfiq.